Makofi na Baruti

Maneno yana nasaba kama watu. Mtu aweza kuishi katika mji miaka mingi, akajulikana kwa jina na kwa kazi yake, wala jirani asijue kuwa babu yake alitoka nchi ya mbali na alikuwa na kazi nyingine kabisa. Ndivyo lilivyo neno la Kiingereza "explode". Afunguaye kamusi ya leo huona kwamba maana yake ni kulipuka: baruti hulipuka, bomu hulipuka, mtungi wa gesi hulipuka. Mwanafunzi hulipokea neno hilo pamoja na moshi na kishindo chake, akaridhika. Lakini nasaba ya neno hili haikuanza katika ghala ya baruti. Ilianza katika ukumbi wa michezo, mikononi mwa watu waliokuwa wameketi wakitazama. Na silaha yao haikuwa moto bali makofi.

Habari ya safari hiyo yastahili kuelezwa kwa sababu mbili. Ya kwanza yawahusu wenye kutafsiri: neno hili hata leo limebeba maana zake mbili pamoja, ya kale na ya sasa, na asiyeijua ya kale huharibu kazi yake pasipo kutambua. Sababu ya pili ni kubwa zaidi. Katika safari yake neno lilipoteza kitu. Mwanzoni lilitaja hukumu ya watu juu ya jambo baya. Mwishoni likataja nguvu isiyo na macho, isiyouliza nani mwema na nani mwovu. Hasara hiyo imeacha alama katika namna watu wasemavyo juu ya vita, juu ya elimu, na hata juu ya kuzaliwa kwa watoto.

Asili ya neno ni kitenzi cha Kilatini "plaudere", maana yake kupiga kitu kwa kitu kikalia, na hasa kupiga makofi. Kitenzi hicho kilipotanguliwa na "ex", yaani nje, kikawa "explodere": kumtoa mtu nje kwa kelele za mikono. Kitenzi hicho kina watoto wengine katika Kiingereza. "Applaud" ni kushangilia kwa makofi. "Plausible", ambalo siku hizi husemwa juu ya maelezo yanayoelekea kuwa kweli, hapo kwanza lilikuwa na maana ya kitu kinachostahili kupigiwa makofi. Ndugu hawa watatu walizaliwa nyumba moja: mmoja ni wa kusifu, wa pili ni wa kustahili sifa, na wa tatu ni wa kufukuza. Mikono ni ile ile. Kilichotofautisha ni nia ya wenye mikono.

Watazamaji wa Roma hawakuwa watu wa kunyamaza. Kumbi zao za mwanzo zilikuwa za mbao, zikijengwa wakati wa sikukuu na kuvunjwa baadaye. Ukumbi wa kwanza wa mawe uliokusudiwa kudumu katika mji ule ulikuwa ule wa Pompeius, uliofunguliwa mwaka 55 kabla ya Kristo. Humo watu walipiga kelele, walipiga miluzi, walipiga makofi, na mwigizaji aliyewaudhi alikuwa hana budi kuondoka jukwaani. Cicero, msemaji na mwanasheria mkubwa wa zama zile, aeleza katika kitabu chake Paradoxa Stoicorum, cha mwaka 46 kabla ya Kristo, kwamba mwigizaji akitoka kidogo tu nje ya mwendo wa ngoma, au akitamka ubeti uliopungua au uliozidi silabi moja, hupigiwa miluzi na kufukuzwa. Kitenzi alichokitumia kwa kufukuza huko ndicho hicho "explodere".

Msomaji wa mashairi ya Kiswahili hatahitaji kufafanuliwa jambo hili. Mshairi wa Pwani naye hupimwa kwa mizani, na shairi lililopungua silabi moja husemwa kuwa lachechemea hata na msikilizaji asiyejua kusoma. Lakini Cicero hakutaja silabi kwa ajili ya mashairi tu. Hoja yake ilikuwa kwamba, ikiwa watu wanakuwa wakali hivi kwa kosa la silabi jukwaani, basi kosa la mwenendo katika maisha lapasa kupimwa kwa ukali ulio mkubwa zaidi. Kwa hiyo tangu zamani neno lilikuwa na mlango wa kutokea ukumbini na kuingia katika maadili: lililo baya lipigiwe kelele, litoke.

Habari nyingine ya Cicero yaonyesha upande wa pili wa adhabu hiyo. Katika kumtetea Roscius, mwigizaji mashuhuri, alimtaja mwigizaji mwingine aliyeitwa Eros. Eros alikuwa hafai. Alifukuzwa jukwaani kwa miluzi na kwa matusi, na hapo Cicero akatumia tena kitenzi hiki. Basi Eros akakimbilia nyumbani kwa Roscius, kama mtu akimbiliaye madhabahu, akafundishwa. Na kwa muda mfupi yule ambaye hakuhesabiwa hata miongoni mwa waigizaji wa mwisho akawa miongoni mwa wa kwanza. Jambo hili lafaa kuwekwa moyoni. Aliyefukuzwa kwa makofi alibaki na mwili wake mzima na akili yake timamu. Alitolewa nje, lakini mlango wa kurudi haukufungwa. Aliweza kujifunza, akarudi, na mikono ile ile iliyomfukuza ikamshangilia. Hukumu ya watazamaji ilikuwa kali, lakini ilikuwa ya watu kwa mtu.

Warumi wenyewe walijua kuwa kelele za ukumbini zilikuwa na uzito wa siasa. Katika utetezi wake wa Sestius, mwaka 56 kabla ya Kristo, Cicero alisema kwamba nia ya watu wa Roma hujulikana mahali patatu: katika mikutano ya hadhara, katika mabaraza ya kupiga kura, na katika mikusanyiko ya michezo. Mkubwa aliyeingia ukumbini alisikiliza mapokezi yake kwa makini, kwa kuwa makofi au miluzi vilimwambia yale ambayo watu wake wa karibu walimficha. Hivyo basi uwezo wa kufukuza kwa makofi ulikuwa namna ya kura.

Kama kila kura, nayo iliweza kuibiwa. Mwandishi Suetonius asimulia kwamba Kaisari Nero, aliyetawala tangu mwaka 54 hadi 68 baada ya Kristo na aliyependa kuimba mbele za watu, alichagua vijana wa daraja la wapanda farasi pamoja na zaidi ya vijana 5,000 wenye nguvu katika watu wa kawaida, wakagawanywa vikundi ili wafundishwe kumpigia makofi ya mtindo wa Aleksandria. Makofi hayo yalikuwa ya aina tatu na kila aina ilikuwa na jina lake: moja liliitwa kwa jina la mvumo, kama wa nyuki, la pili kwa jina la kigae kilichopinda, na la tatu kwa jina la kigae kilicho bapa. Suetonius aongeza kwamba Nero alipokuwa akiimba haikuruhusiwa mtu kutoka ukumbini, hata kwa haja ya lazima. Ikasemwa kuwa wanawake walizaa humo ndani, na kuwa wanaume waliochoka kusikiliza na kusifu waliruka ukuta kwa siri, au walijifanya wamekufa ili wachukuliwe kama maiti. Hapo desturi ilipinduliwa kabisa. Zamani watazamaji walimtoa mwigizaji nje. Sasa mwigizaji aliwafungia watazamaji ndani. Mikono ilibaki, makofi yalibaki, lakini hukumu ilikuwa imekufa.

Katika aina zile tatu za makofi mna jambo la ajabu. Ile ya mvumo wa nyuki iliitwa kwa Kilatini "bombi", wingi wa "bombus", neno ambalo Warumi walilitoa kwa Wagiriki na ambalo lilitaja sauti nzito ivumayo. Wataalamu wengi wa lugha husema kwamba kutokana na neno hilo Waitaliano walipata "bomba", Wafaransa wakapata "bombe", na Waingereza "bomb". Na Kiswahili nacho kina bomu. Kwa hiyo kitu kinacholipuka na kitendo cha kulipuka vyote viwili vina jamaa zao katika kumbi za Warumi, ambako majina hayo yalikuwa ya kelele za watu. Kiswahili nacho, kwa njia yake chenyewe, kilipita karibu na hapo. Silaha kubwa ya kutupa marisau ilipofika Pwani, watu waliipa jina la gogo lililotobolewa ndani ambamo nyuki hufugwa: mzinga. Hakuna aliyeiga kwa mwenziwe. Umbo lilikuwa la gogo tupu, na ndani yake mlikuwa na mvumo wa kuogopwa.

"Explode" liliingia katika Kiingereza katika miaka ya 1530, wakati wasomi wa Uingereza walipokuwa wakichukua maneno ya Kilatini kwa wingi ili kuitajirisha lugha yao. Liliingia na maana yake ya Kirumi: kukataa kwa dharau, kufukuza kwa kelele. Halikuwa na uhusiano wowote na moto. Na si kwamba Waingereza hawakuwa na baruti. Mizinga ilikuwapo katika vita vya Crécy, mwaka 1346. Mwaka 1605 watu waliokula njama ya kumwua Mfalme James pamoja na Bunge lake waliweka mapipa 36 ya baruti chini ya jengo. Lakini walioandika habari hiyo walitumia maneno "blow up", yaani kupulizia juu, kama upepo urushavyo kitu hewani. Kwa kitu kipasukacho walikuwa na neno lao la kale la Kijerumani, "burst", ambalo asili yake ni kuvunjika tu. Yaani kitu kilikuwapo na kishindo chake kilisikika kwa karne nyingi, lakini neno ambalo leo laonekana kuwa ndilo jina lake lilikuwa bado lina shughuli nyingine.

Shughuli hiyo yaonekana wazi katika utenzi mkubwa wa John Milton, Paradise Lost, uliochapwa mwaka 1667. Milton alikuwa msomi wa Kilatini, na alipotumia neno hili alilitumia kama Mrumi. Katika utenzi huo Shetani arudi kwa majeshi yake kujisifu kwa kuwadanganya Adamu na Hawa, akingoja kushangiliwa; badala yake wafuasi wake wageuka nyoka, na shangwe waliyokusudia kuitoa yageuka kuwa sauti ya nyoka yenye kufukuza. Milton aliyaweka karibu karibu maneno mawili ya ukoo mmoja, lile la kusifu na lile la kuzomea, kwa kuwa aliujua undugu wao. Msomaji wa leo asiyejua historia hii aweza kufikiri kwamba huko kuzimu kulilipuka kitu. Hakikulipuka kitu. Mwigizaji mkuu wa uovu alizomewa jukwaani mwake mwenyewe.

Katika miaka hiyo hiyo neno lilianza kubadilika, na mahali pa mabadiliko palikuwa maabara. Mwaka 1660 ilianzishwa London jumuiya ya wataalamu iitwayo Royal Society, na katika miaka ya 1660 "explosion" ilianza kutumiwa kwa kitendo cha kitu kupasuka kwa nguvu na kishindo. Tabibu Thomas Willis, katika kitabu cha mwaka 1670, alijaribu kueleza hata mwendo wa misuli ya mwili kwa mfano wa baruti iwakayo ghafula. Maelezo yake juu ya misuli hayakudumu, lakini mfano wake waonyesha jinsi baruti ilivyokuwa imewavutia watu wa elimu, na jinsi walivyohitaji jina la nguvu yake.

Kwa nini walichagua neno la ukumbini? Jibu limo katika kamusi kubwa ya Samuel Johnson, iliyotoka mwaka 1755. Johnson alilipa neno hili maana mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kale: kufukuza kwa aibu pamoja na kelele ya dharau. Ya pili ilikuwa kutoa kitu nje kwa kelele na kwa nguvu, na mfano wake ulikuwa wa ushairi uliotaja baruti iliyowashwa ikitupa risasi kubwa kutoka katika mzinga. Basi daraja ndilo hilo. Baruti haikulipuka yenyewe. Ililipua risasi, maana yake iliifukuza nje ya mzinga kwa kelele, kama watu wa Roma walivyomfukuza Eros nje ya jukwaa kwa kelele. Mzinga ulikuwa ukumbi, baruti ilikuwa kundi la watazamaji, na risasi ilikuwa mwigizaji mbaya. Maana ya kitu kulipuka chenyewe, iliyo ya kwanza katika kamusi za leo, haimo katika kitenzi hicho cha Johnson.

Hatua iliyobaki ilikuwa ndogo kwa sarufi lakini kubwa kwa fikra. Mwishoni mwa karne ya 18, katika miaka ya 1790, Kiingereza kilianza kulitumia neno bila mtendwa. Haikusemwa tena kwamba baruti imefukuza risasi. Ilisemwa kwamba baruti imelipuka, basi. Katika Kiswahili badiliko kama hilo lingeonekana mwishoni mwa kitenzi: aliyelipua ni mtendaji, kilicholipuka kimefikwa na tendo. Kiingereza hakina alama hiyo; umbo la neno lilibaki lile lile, na kwa hiyo hapakuwa na wa kushtuka. Lakini mambo mawili yalikuwa yametoweka. Alitoweka aliyefukuzwa, na akatoweka aliyefukuza. Kilichobaki ni kishindo peke yake.

Karne ya 19 ilikipa kishindo hicho mahali pengi pa kukaa. Meli za moshi zilipoenea katika mito ya Marekani, birika zake za mvuke zilipasuka mara kwa mara. Tarehe 27 Aprili 1865 birika za meli Sultana zililipuka katika mto Mississippi karibu na Memphis, na watu zaidi ya 1,100 wakafa, wengi wao wakiwa askari waliotoka utumwa wa vita na kurudi makwao. Mwaka 1867 Alfred Nobel alipata hati ya kumiliki uvumbuzi wa baruti kali iitwayo dinamiti, na milima ikaanza kutobolewa kwa ajili ya reli na migodi. Hata mashine itumiayo petroli iliitwa na Wafaransa mashine ya mlipuko, kwa kuwa mafuta huwaka ndani yake kwa vishindo vidogo vidogo vinavyosukuma pistoni. Neno lilikuwa limekwisha kuwa la mafundi na la askari.

Hapana siku iliyoonyesha mgeuko wa neno hili kwa uchungu kuliko tarehe 6 Desemba 1917. Katika bandari ya Halifax, nchini Kanada, meli ya Kifaransa Mont-Blanc, iliyojaa vitu vya kulipuka kwa ajili ya vita vya Ulaya, iligongana na meli ya Kinorwei Imo, ikashika moto. Watu wa mji walisimama ufukweni na madirishani kutazama moshi na ndimi za moto. Baada ya dakika chache meli ililipuka. Watu wapatao 2,000 walifariki, na wapatao 9,000 waliumia. Wengi walipoteza macho, kwa sababu walikuwa nyuma ya vioo vya madirisha wakitazama. Mpaka leo msiba huo waitwa kwa Kiingereza kwa neno hili hili pamoja na jina la mji, bila ya kuongeza kitu. Huko Roma wenye kutazama ndio waliokuwa na uwezo, na aliyekuwa jukwaani ndiye aliyeogopa. Huko Halifax wenye kutazama ndio walioangamia, nao hawakuwa wamehukumu wala kuhukumiwa.

Neno likafika mwisho wa uwezo wake mwaka 1945. Wataalamu waliokuwa Los Alamos, katika jimbo la New Mexico, walihitaji njia ya kuibana tufe ya plutoni kutoka pande zote kwa mara moja. Waliizungushia vitu vya kulipuka vilivyopangwa ili nguvu yake iende ndani, si nje; na njia hiyo waliiita "implosion", neno lililoundwa katika karne ya 19 kwa kuigiza "explosion" na kugeuza nje kuwa ndani. Bomu la namna hiyo lilijaribiwa jangwani tarehe 16 Julai, na jingine likatupwa juu ya Nagasaki tarehe 9 Agosti. Hapo hata maana ya kutoa nje ilikuwa imepinduliwa. Mkono wa Mrumi aliyemfukuza mwigizaji kwa silabi moja, na kitu kilichoangamiza mji pamoja na watoto wake, vilikuwa vimeitwa kwa neno lenye shina moja.

Pamoja na hayo yote, maana ya kale haikufa. Imejificha katika semi ambazo Waingereza huzitumia kila siku. Husema kwamba mtaalamu fulani "ameexplode" nadharia fulani, au kwamba fikra fulani ni uzushi uliokwisha kufanyiwa hivyo. Waandishi wa karne ya 18 walilitumia neno sana kwa fikra zilizokataliwa na watu wote, na matumizi hayo ni ya ukumbini, si ya ghala ya baruti. Mwenye kutafsiri akiandika kwamba nadharia imelipuliwa, atakuwa amemdanganya msomaji wake mara mbili. Kwanza atakuwa amefanya elimu ionekane kama vita. Pili, na hili ndilo baya zaidi, atakuwa ameficha kilichotokea hasa: fikra ilisimama mbele za watu, ikapimwa, ikaonekana imepungua mizani, ikaondolewa. Kiswahili kina maneno ya kutosha kwa jambo hilo: imekanushwa, imebatilishwa, imetupiliwa mbali, na pale ambapo dharau ya watu yatakiwa ionekane, lipo neno ambalo lingemfurahisha Cicero, nalo ni kuzomewa.

Mitego mingine ni ya kuchekesha zaidi. Katika vitabu vya mafundi mna michoro ya mashine ambayo sehemu zake zimetengwa, kila moja ikielea peke yake kwa mpango, ili fundi aone jinsi zinavyofuatana. Kiingereza huiita michoro hiyo kwa neno hili hili, nayo haina moshi wala hatari. Ni michoro ya sehemu zilizotenganishwa. Wenye elimu ya sauti nao hukata kichwa cha "explosive" wakapata "plosive", jina la konsonanti kama p, t na k, ambazo pumzi huzuiwa kinywani kisha ikaachiliwa. Hapo neno limekuwa pole kuliko hata lilivyokuwa Roma: ni midomo tu inayogongana, kama viganja.

Lakini ipo sehemu moja ambapo kosa la maana haliishii katika vitabu. Katika miaka ya 1950 ilienea katika Kiingereza desturi ya kuiita ongezeko la watu kwa jina la mlipuko, na mwaka 1968 mtaalamu wa Marekani, Paul Ehrlich, akachapisha kitabu The Population Bomb, ambacho jina lake liliwafanya watu kuwa bomu. Kitabu kilitabiri kwamba katika miaka ya 1970 mamia ya mamilioni ya watu watakufa kwa njaa. Njaa zilitokea na watu walikufa, lakini si kwa kiasi hicho. Mwendo wa ongezeko la watu duniani ulifika kilele mwishoni mwa miaka ya 1960, karibu asilimia 2 kwa mwaka, kisha ukapungua hatua kwa hatua hata ukawa chini ya nusu ya hapo. Baruti haipungui hivyo. Baruti haifikiri juu ya ada za shule, haisikilizi mkunga, wala haiamui kupumzika baada ya mtoto wa tatu. Ongezeko lile lilitokana zaidi na watoto kuacha kufa wachanga kuliko na wazazi kuzidi kuzaa, na lilipungua kwa sababu wazazi ni watu, na watu hubadili mashauri.

Hata hivyo neno lilikwisha fanya kazi yake. Kinachoitwa mlipuko huonekana kama kitu cha kuzimwa, na akizimaye haulizwi sana jinsi alivyokizima. Katika miaka ya 1970, nchini India, wakati wa utawala wa hali ya hatari wa mwaka 1975 hadi 1977, mamilioni ya watu walifungwa uzazi, na wengi wao kwa kulazimishwa. Hayo hayakuletwa na neno peke yake, lakini neno lilisaidia kuyafanya yaonekane kuwa busara. Kiswahili nacho chatumia mlipuko kwa maradhi yatokeayo ghafula, kama kipindupindu, na matumizi hayo hayana lawama: maradhi ni adui, na kuyazima ni jambo jema. Lakini asemaye mlipuko wa watu, kwa lugha yoyote, ajiulize kwanza ni nani anayetolewa nje ya jukwaa, na ni nani aliyempa mwingine haki ya kumtoa.

Swali hilo ndilo urithi wa neno hili. Tendo la kale lilikuwa na watu watatu: aliyefukuzwa, waliofukuza, na sababu iliyo baina yao, hata kama sababu hiyo ilikuwa silabi moja. Ilikuwapo nafasi ya kubishana, na ilikuwapo nafasi ya kujifunza na kurudi. Tendo jipya halina nafasi hizo. Mwenye kulifasiri neno hili, basi, na atafute watu hao watatu katika kila sentensi. Akiwaona, ajue kwamba yumo ukumbini, na aandike maneno ya watu. Asipowaona, ajue kwamba ameingia katika ghala ya baruti, na aandike kulipuka.

Kiswahili cha mitaani, bila kusoma Kilatini, kimeziunganisha tena ncha mbili za safari hii. Fundi afanyaye kazi yake haraka haraka, bila uangalifu, ili amalize na alipwe, husemwa kwamba ameilipua kazi. Na mwigizaji, msemaji au mshairi anayelipua kazi mbele za watu ajua vema kitakachompata: watamzomea. Eros alipatwa na hilo, akaenda kujifunza. Nero alijikinga nalo kwa kufunga milango na kununua mikono 10,000, naye hakujifunza kitu.